Uchaguzi wa Mwisho wa Aldersby

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia alasiri, wewe umekwenda Karama kuwaaga wenzako na baba yako ameteremka na masanduku kwenda kuyapima dukani. Nyumba imetulia, kwa kadiri nyumba ya Qusais, hapa Dubai, inavyoweza kutulia na ndege zinashuka juu ya paa. Kesho wakati kama huu utakuwa umeshaondoka. Nimeona nikae nawe kidogo kwa njia hii, maana kwa mdomo ningeanza kulia, nawe ungenikatiza ukanibembeleza, na ninayotaka kukuambia yasingesemeka.

Habari za koti, dawa ya kifua na chakula siziandiki. Shangazi zako wameshakuambia mpaka umechoka. Nataka kukueleza jambo moja tu, nalo ni refu.

Siku ile chuo kilipokujulisha kwamba mafunzo yako ya ukunga utayafanyia kliniki ya wajawazito ya Aldersby, ulinijia jikoni unacheka. Ulisema, "Mama, wananirudisha nilikozaliwa." Nikageukia jiko nikakoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa. Ulidhani naona uchungu wa kuachwa. Kwa kweli niliogopa. Mji ule ni mdogo na watu wake hawasahau upesi. Jina litakaloandikwa kwenye beji yako kifuani ni jina letu, na kuna mtu atakayelisoma, atake kujua wewe ni mtoto wa nani. Ukishamjibu, huenda akakukumbatia, huenda akakupa mgongo, na vyovyote vile wewe hutajua sababu.

Unajua kwamba mamako aliwahi kugombea ubunge Uingereza. Katika ukoo huu limekuwa jambo la utani. Shangazi zako wakitaka kunichokoza huniita mheshimiwa. Unajua kwamba nilishindwa. Usilolijua ni nani aliyeanguka pamoja nami, na nini kilifuata.

Itabidi nianzie mbali. Nilikulia Unguja katika nyumba iliyopasuka. Babu yako na mdogo wake, ami yangu Hamadi, walijenga ukuta kwa ukuta na wakichota maji kisima kimoja. Vyama vingi vilipoingia, mmoja akawa upande huu na mwengine upande ule. Mwanzo walitaniana. Kisha wakanyamaziana. Mwisho ikawa harusi za nyumba ya pili hatwendi, na maziko yao hatuhudhurii. Binti zake ami, niliosoma nao chuo cha Kurani tangu utotoni, nikawa napishana nao uchochoroni kama watu tusiojuana. Nikaapa kwamba mimi na kura basi. Nilipopata kazi ya uuguzi Uingereza watu walidhani nafurahia mshahara. Nilifurahi zaidi kwenda mahali ambapo ugomvi wa watu hautanihusu.

Aldersby ni mji wa bondeni uliojengwa na viwanda vya sufu. Nilipofika, viwanda vyenyewe vilikuwa vimeshafungwa na vingine vimegeuzwa nyumba za kupanga. Nilipangiwa kazi wodi ya wazazi, na mkuu wa wodi alikuwa mkunga aitwaye Maureen, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, mzaliwa wa pale yeye na bibi zake. Haukupita muda nikaletewa kadi ya kupigia kura, kwa kuwa mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule huruhusiwa. Niliitia kwenye takataka mbele ya Maureen. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nimeogopa nini. Nikamwambia habari za babu yako na ami Hamadi. Tangu siku hiyo, kila tulipopata chai pamoja, naye akawa ananisimulia habari za jimbo lao, kama mtu anavyosimulia nasaba yake.

Alisema jimbo la Aldersby liliundwa viwanda vilipokuwa vimepamba moto. Wenye kura walikuwa wenye mali tu. Mbunge wa kwanza alikuwa tajiri wa kiwanda, na alipochoka alimpisha mwanawe, kiti kikapita kama shamba la urithi. Wafanyakazi wao siku ya uchaguzi walisimama nje wakipiga kelele, kwa kuwa sauti ndiyo kura pekee waliyokuwa nayo. Baadaye wanaume wa viwandani wakaruhusiwa, na nyuma yao wanawake. Bibi yake Maureen, siku yake ya kwanza ya kupiga kura, alivaa nguo ya kanisani akafuatana na jirani ambaye walikuwa hawasemeshani, kwani kila mmoja aliona aibu kwenda peke yake. Baada ya vita vikuu vya pili kiti kikachukuliwa na chama cha wafanyakazi, ambacho watu wa pale walikiita kwa rangi yake tu, Wekundu. Kikakaa huko miaka na miaka, hata ikawa mtoto anazaliwa Mwekundu kama anavyozaliwa na jina la baba yake. Lakini viwanda vilipokufa vijana walihama, na kila uchaguzi Wekundu walipata kura pungufu kuliko uliopita. Buluu, chama cha wenye mashamba na maduka, wakawa wanasogea pole pole.

Mbunge wa wakati wangu alikuwa Bwana Desmond, Mwekundu, aliyewahi kuwa mwalimu. Kila Jumamosi alikaa maktaba ya mji kwenye meza ya watoto, magoti yamemfika kifuani, akisikiliza shida za kila aliyekuja. Viza ya baba yako ilikuwa imekwama, na Maureen akanisukuma niende. Nilikwenda nikiwa tayari kunyenyekea, hata kutoa kitu. Hakutaka kitu. Aliandika, akapiga simu mbele yangu, wiki iliyofuata akapiga tena. Baba yako akaja. Na ulipozaliwa, Maureen ndiye aliyekupokea mikononi mwake, na Bwana Desmond akakuletea kofia ya sufu nyekundu iliyokufunika mpaka puani.

Kwa hiyo elewa kwamba nilikuwa na deni la fadhila kwa mtu yule.

Hukuwa umeanza kutembea wakati wakubwa wa afya walipotangaza kwamba wodi yetu itafungwa, na wazazi wote wapelekwe mji mkubwa ulioko ng'ambo ya mlima. Barabara ya mlima ule utaiona mwenyewe. Theluji ikianguka, haipitiki. Serikalini walikuwa Wekundu, chama cha Bwana Desmond. Wanawake wakamwendea. Akawaambia kwamba anasema na wenzake ndani kwa ndani, wasubiri. Wakasubiri. Na wakati huo huo zikaja habari za pili: wachoraji wa mipaka ya majimbo walikuwa wameona Aldersby ina watu wachache mno. Baada ya uchaguzi uliokuwa mbele yetu, jimbo lingekatwa vipande viwili, upande wa juu uingizwe jimbo la mashambani, upande wa chini uingizwe mji mkubwa. Jina la Aldersby lingefutwa kwenye Bunge.

Maureen alisema, "Mwaka huu wanatuzika mara mbili."

Ukaitishwa mkutano ukumbi wa kanisa. Watu walitaka mgombea wa wodi, asiye na chama, ili uchaguzi wa mwisho wa jimbo lao uwe na maana. Kila aliyetajwa aliangalia sakafu. Maureen alikuwa na mume mgonjwa kitandani. Nilisimama ili nieleze tu habari ya mama mmoja aliyetokwa na damu wiki ile, tukamwahi kwa kuwa chumba cha upasuaji kilikuwa ngazi moja chini. Nikauliza, je, angekuwa yuko mlimani? Nilipokaa, ukumbi wote ulikuwa umesimama. Mtu akasema nyuma, "Si huyu hapa." Wengine wakadakia.

Nataka ujue nilivyojisikia, Rukia, kwa sababu na wewe itakufika siku moja, kwa jambo dogo au kubwa. Mtu aliyekulia katika kunyamaziwa, akisimamiwa na ukumbi mzima, hulewa bila kunywa. Nilikubali pale pale. Nilirudi nyumbani nikamkuta baba yako anakutembeza chumbani kwa kuwa meno yalikuwa yanakusumbua. Nikamweleza. Alikuhamishia bega la pili, kisha akasema, "Umeniletea habari kama unavyomletea jirani."

Katika miezi ya kampeni alikubeba mgongoni akigawa vikaratasi vyangu kwenye mvua. Lakini neno lile limekaa kati yetu mpaka leo kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Alikuwa na haki. Kama ningemwuliza nadhani angekubali. Sikumwuliza kwa sababu niliogopa asikubali.

Kabla ya siku ya mwisho ya kurudisha majina, Bwana Desmond alikuja nyumbani kwetu. Alikuja peke yake, akavua viatu mlangoni kwa kuwa aliona vyetu, akakupakata. Nilimpa chai ya iliki. Akaniambia, "Zuwena, hutashinda, na nadhani unajua. Utachukua kura za watu wangu, na Buluu watapita katikati."

Nikamwuliza kama yuko tayari kupiga kura bungeni dhidi ya chama chake kwa ajili ya wodi.

Aliangalia kikombe. "Hilo siwezi kukuahidi leo," alisema.

"Basi na mimi siwezi kukuahidi kitu."

Alimaliza chai yake yote kwa adabu, akakubusu utosini, akaenda zake.

Nimelirudia neno lake moja kwa miaka mingi. Alisema "leo". Mlango aliuacha nusu wazi, na mimi sikuuona. Ningeweza kumwuliza ni lini, basi, na anahitaji nini kutoka kwetu ili aweze. Tungeweza kumpa mkutano, maandamano, majina ya watu, chochote cha kumtia nguvu mbele ya wakubwa wake. Mimi sikutaka kupatana naye. Nilitaka akiri mbele yangu kwamba amekosea. Watu wawili wanaweza kukosa jambo wanalolitaka wote wawili kwa sababu mmoja anadai kwanza aombwe radhi. Hilo ndilo lililowapata babu yako na ami Hamadi, nami niliyejiona nimewakimbia nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile, kwa lugha nyengine.

Kampeni ilikuwa nzuri, sitakuficha. Niligonga milango ambayo nyuma yake walikuwa watoto niliowapokea mimi. Mzee mmoja aliniambia nirudi kwetu, na mkewe akanikimbilia mpaka langoni kuniomba radhi. Mtaa wa waokaji mikate msichana mmoja aliyeolewa karibuni, Karen, alitoka na unga mikononi. Alisema ukoo wao wote ni Wekundu tangu enzi za babu wa babu, na kwamba babake angemla nyama akijua, lakini yeye kura yake ni yangu. "Nataka kuzaa hapa hapa," alisema. Nilimshika mkono nikamwambia, utazaa hapa hapa. Nilisema kwa yakini, kama mtu mwenye funguo za hospitali mfukoni.

Kura zilihesabiwa asubuhi baada ya siku ya uchaguzi, katika ukumbi wa michezo uliokuwa ukinuka mpira na jasho. Hujapata kuona kitu kama kile. Watu wamekaa kwenye meza ndefu wakipanga karatasi mafungu mafungu, wagombea wanazunguka wakijifanya hawatazami. Rundo langu lilikuwa dogo kuliko la Wekundu na la Buluu, dogo sana. Lakini ile tofauti baina ya marundo yao mawili ilikuwa ndogo zaidi kuliko rundo langu. Hilo kila mtu aliliona kabla halijatangazwa. Wakahesabu upya. Ikawa vile vile. Mtu wa Buluu alichukua Aldersby, kwa mara ya kwanza tangu enzi za vita, katika uchaguzi wa mwisho wa jimbo lile.

Waliokuwa karibu yangu walijitenga nami kidogo kidogo mpaka nikajikuta nimesimama peke yangu. Bwana Desmond alivuka ukumbi, watu wakimpisha njia. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitamani anitukane. Alinipa mkono akasema, "Mwangalie mtoto vizuri," akatoka nje. Maureen alikuwa amekaa kwenye benchi, analia bila kuficha uso. Sikujua kama anaililia wodi au jimbo, au mimi, na sikuthubutu kumwuliza.

Mbunge mpya alikuwa ameahidi kuitetea wodi. Alipofika bungeni alisema yeye ni mpinzani, mamlaka hana. Wodi ikafungwa kabla ya baridi. Mimi na wenzangu wachache tukahamishiwa hospitali ya ng'ambo ya mlima.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata shangazi zako hawalijui. Baridi ya mwaka uliofuata, asubuhi moja yenye theluji, niliitwa mlango wa dharura kumpokea mama aliyejifungulia njiani. Gari lao lilikuwa limenasa mlimani, na gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia mapema. Alikuwa Karen. Mtoto, wa kiume, alikuwa amefungwa ndani ya koti la baba yake. Hakuwa hai. Karen alinitambua. Hakupiga kelele, hakunilaumu. Aliniuliza, "Nimshike?" Nikamwambia amshike kadiri anavyotaka. Alipokuwa tayari, nilimpokea mtoto, nikamwosha kwa maji ya vuguvugu kama ninavyoosha wote, nikamrudisha kwake.

Tangu siku ile nikaanza kufanya hesabu moja kichwani. Kama nisingegombea, Bwana Desmond angebaki. Kama angebaki, huenda angeizuia wodi isifungwe, kwa kuwa chama chake ndicho kilichokuwa serikalini. Au huenda asingeizuia, maana mpaka siku ile alikuwa ameshanyamaza. Hesabu hiyo haina jibu, na mimi niliifanya kila siku, kazini, jikoni, nikikulaza. Mjini watu walikuwa wameshapata jibu lao. Kwa wengine nilikuwa ndiye pekee aliyesimama. Kwa wengine nilikuwa mgeni aliyekuja kuwavunjia nyumba. Baba yako alikuwa dereva wa basi, na kwenye chumba chao cha chakula meza yake ilikuwa na kiti kimoja tu chenye mtu. Aliniambia habari hiyo tulipofika Dubai. Alipokuwa kule alirudi kila siku akasema kazi ni nzuri.

Kisha ami Hamadi akafariki. Babu yako alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kilio, ilikuwa ya mtu aliyepotewa na njia. Aliniambia alisikia kilio kupitia ukutani, akajua, akabaki amekaa. Alitoka baadaye, jeneza limeshaondoka.

"Nilikuwa nangoja yeye aanze," alisema. "Naye nadhani alikuwa ananingoja mimi." Kisha akaniuliza, "Huyo mbunge wako yu hai?"

Nikasema yu hai.

"Basi nenda."

Nilikwenda. Mkewe alinifungulia mlango, akanitazama, akaniacha nimesimama bila ya kunikaribisha. Bwana Desmond alitoka jikoni na taulo begani. Alikuwa amerudi kufundisha, amepungua. Tulianza kwa habari zako na za shule yake. Mwisho akasema kwamba hesabu ninayoifanya mimi naye anaifanya. "Nilitakiwa kupiga ile kura dhidi ya chama mapema, kabla hujasimama," alisema. "Ungekosa sababu ya kusimama." Nikadhani amemaliza, akaongeza, "Lakini nilikukasirikia sana, Zuwena. Nadhani bado."

Nikamwambia ana haki ya kukasirika. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Akatia chai. Nilirudi mwezi uliofuata na mwezi mwengine, nikikuchukua wewe, na yeye akawa anakufundisha kuhesabu kwa maharage makavu. Mara ya tatu au ya nne mkewe alikuja akakaa nasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka tukahama. Alifariki ukiwa umeanza shule hapa. Sikuweza kwenda kumzika. Mimi na baba yako tulikaa sebuleni tukawa tunamtaja.

Jimbo lenyewe lilifutwa kama ilivyotangazwa. Watu wa juu wakapigia kura wagombea wasiowajua, wa chini vile vile. Baba yako alisema hata uwanja wa kugombania umeondolewa, sasa watu watabaki na ugomvi mtupu. Ami yako akatuita Dubai, akampa baba yako kazi kwenye karakana yake ya Al Quoz, na mimi nikapata kazi kliniki. Hapa hakuna anayetuuliza kura. Tunafanya kazi, tunahuisha ukaazi, tunamshukuru Mungu. Kwa miaka mingi niliona hiyo ndiyo raha.

Nilipitiliza, mwanangu. Niliacha kuwa na rai juu ya jambo lolote. Ulipokuwa ukiniuliza lipi la haki katika ugomvi wako na rafiki zako, nilikujibu "khalas, achana nao". Nilikunyima kitu. Unamjua Faith, Mkenya mlinzi wa jengo la kliniki. Uchaguzi wa kwao ukikaribia, yeye na wenzake hubishana chakula cha mchana mpaka meza inatikisika, nami nilikuwa nachukua sahani yangu naondoka. Mwaka mmoja alinifuata. "Mama Rukia," aliniambia, "sisi kwetu tumeona watu wakiumizana kwa haya mambo. Ndiyo maana tunayaongea tukiwa tumekaa, tukikula pamoja. Ukiondoka unatuacha na shida." Nilirudi nikakaa. Sikusema kitu siku hiyo, lakini nilikaa.

Unakwenda na pasipoti ya kule na haki ya kura. Sikuambii umpe nani. Wala sikuambii usisimame siku ukumbi utakapokuita, maana bado sijui kama mimi nilikosea kusimama. Ninalolijua ni dogo. Nilikosea kutomwuliza baba yako. Nilikosea kumwahidi Karen jambo lisilokuwa mkononi mwangu. Na yule aliyekaa mbele yangu na kikombe cha chai, akaniambia "siwezi leo", nilikosea kutomwuliza kesho.

Ukikutana na anayenilaumu, usinitetee. Huenda alipoteza kitu ambacho wewe hukijui. Ukikutana na anayenisifu sana, mshukuru, uendelee na kazi. Maureen bado yupo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na mto. Kumbukumbu zake zinakwenda na kurudi, na atakuambia habari za jimbo kana kwamba uchaguzi ni Alkhamisi ijayo. Usimsahihishe.

Limebaki moja. Uliniuliza mara mbili nimekupatia wapi pa kukaa, nikakujibu kwa rafiki. Ni kwa Karen. Tangu tuhame tumekuwa tukisalimiana mara moja kwa mwaka, siku ile ya theluji, maneno machache tu. Nilipopata habari za chuo chako nilimpigia, nikamweleza unakwenda kujifunza ukunga na unakuja Aldersby, na kwamba akisikia jina letu mjini asishtuke. Sikuwa na nia ya kumwomba kitu. Nikasikia akizima redio ya jikoni kwake. Kisha akasema, "Habari za uchaguzi ule watu hukuuliza wewe tu. Mimi sijawahi kuulizwa. Ile kura niliitia mimi mwenyewe, Zuwena, na nimekaa nayo miaka yote hii." Akasema, "Chumba cha juu kiko wazi. Mwache aje."

Basi utakwenda kwake. Hakupata mtoto mwengine. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Hilo nimelifanya mwenyewe, na ni langu. Siku atakayotaka kukupeleka makaburini, fuatana naye, hata ukiwa umechoka kutoka zamu. Mjini wengi humtaja yule mtoto kama mtoto wa mlimani, na walimtumia kwenye hotuba zao, Wekundu kwa upande wao na Buluu kwa wao. Mamake alimpa jina. Anaitwa Daniel. Wewe mtaje kwa jina lake.

Nakukabidhi kwa Aliyekuleta kwangu.

Mimi, mamako,
Zuwena